Nyaya za Juu na Chini

Ninyi mnaocheza ndege kwenye simu mkiwa mmelala chali, kaeni kidogo niwaambie jambo kabla hamjanicheka. Mimi nimefanya kazi ndani ya ndege hizo. Ndani kabisa, kwa bisibisi na mswaki. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi, Biharamulo kwanza na baadaye Ngara mjini, na leo nikipita na kikapu changu cha maharage mnanipisha njia mkidhani nilikuwa mwalimu wa dini. Sikuwa. Nilikuwa fundi wa mashine ya gemu, na wakati huo sikumjua mwanamke mwingine mwenye kazi hiyo upande wote huu wa ziwa.

Jina langu ni Devota, kwetu ni Murukulazo. Nyumbani tulikuwa na migomba, kahawa na jembe la mkono, na hilo jembe ndilo lililoniponza. Hayo nitayafikia.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati la mbao refu kunizidi, lenye kioo kama cha televisheni kilicholalia nyuma kidogo. Mfanyabiashara mmoja wa Biharamulo aliinunua Mwanza ikiwa mbovu, akaileta juu ya lori la saruji, akaiweka kwenye chumba kando ya soko na kutundika pazia zito mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. Chini ya kioo kulikuwa na fimbo fupi yenye kirungu chekundu, ambayo wateja waliiita gia, na kitufe kimoja cha kufyatulia risasi. Basi, hakuna kingine. Ninyi mna vitufe chungu nzima na bado mnalalamika.

Ndege yake haikuruka kwenda juu ya kioo, wala haikukimbia kutoka kushoto kwenda kulia kama nyingi nilizoziona baadaye. Iliruka mshazari, ikitoka pembe ya chini kushoto kuelekea pembe ya juu kulia, na kila kitu kilichokuwa chini yake kilichorwa mshazari vilevile: kuta, matangi ya mafuta, mizinga, minara. Ulikuwa kama umesimama juu ya kilima hapa Ngara unatazama mapaa ya watu bondeni. Ajabu ya mchoro ule ni kwamba hakuna kilichokuwa kidogo kwa sababu kiko mbali. Ukuta wa mbali ulikuwa sawa na ukuta wa karibu. Kwa hiyo ukiitazama ndege peke yake hukuweza kujua kama iko juu sana au iko mbele tu kidogo. Uliingia ukutani ukiwa na uhakika kabisa kwamba umepita juu yake. Nimeona watu wazima, wenye wake na mashamba, wakibishana na kioo.

Dawa yake ni kivuli. Ndege ilikuwa na kivuli chake cheusi kilichoifuata chini. Kivuli kikiwa mbali na ndege, uko juu, kikiikaribia, unashuka, vikigusana, umeshakufa. Mchezaji mzuri hatazami ndege hata kidogo. Na akifika kwenye ukuta wenye tundu, anapiga risasi kwanza, anaona zinagota wapi, ndipo anajua yuko kimo gani. Hayo nilifundishwa na Fundi Masanja siku ya kwanza, na siku ya pili nikawa nimeyasahau yote.

Masanja alikuwa na jicho moja. Alikuwa Msukuma, wazazi wake walihamia Nyamigogo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na mwiba ulimtoboa jicho la kulia akiwa mdogo machungani. Alijifunza kutengeneza redio kwa kufungua redio za jirani bila ruhusa. Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Biharamulo baada ya kumaliza darasa la saba, shangazi akipika chakula cha kuuza, nami ndiye niliyempelekea Masanja ugali wake wa mchana. Siku moja aliniomba nimshikie taa. Siku nyingine akaniomba nishike waya. Nikaja kushtukia ni mwezi wa tatu na shangazi ameshatafuta msichana mwingine wa kupeleka ugali.

Nilimchunguza sana yule mzee. Alipomimina chai aligusisha kwanza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe. Alipokuwa uani akirushiwa bisibisi hakuitazama bisibisi, alitazama kivuli chake ardhini, na aliidaka. Mtu wa macho mawili anapima umbali bila kufikiri, na akifika mbele ya kioo kile macho yote mawili yanamdanganya kwa pamoja. Masanja alikuwa ameshazoea kutoyaamini macho tangu utoto. Ndiyo maana alikuwa mchezaji bora niliyepata kumwona, na ndiyo maana wateja walijaa mlangoni akikaa kwenye kiti, wakisema yule mzee ana dawa.

Nisiwafiche, kazi yenyewe ilikuwa ya vumbi zaidi kuliko ya ajabu. Asubuhi unafungua mlango wa nyuma wa kabati na kuwafukuza mijusi na mende, maana ndani kuna joto na wao wanapenda joto kama sisi. Unapuliza. Unafuta nyayo za mende kwa mswaki kwenye bodi, lile bamba lenye vipuri vya umeme. Chini ya gia kuna swichi nne ndogo, ya juu, ya chini, ya kushoto na ya kulia, na kila moja ina nyaya zake. Hizo zinaliwa na jasho la wateja na pombe ya ndizi, basi unazisafisha kwa spiriti na kitambaa cha pamba. Jenereta ikikohoa, usikimbilie mashine, kimbilia jenereta. Nusu ya magonjwa ya mashine yalikuwa magonjwa ya jenereta.

Na kioo kile, wanangu, kinatunza umeme hata baada ya kuzima. Masanja alinikataza kabisa kuingiza mikono yote miwili ndani ya kabati. Mmoja unafanya kazi, mwingine unauweka mfukoni, ili umeme ukikupata usipite kifuani. Mimi sikuwa na mfuko, nilivaa kitenge, kwa hiyo nikawa nauchomeka mkono wa kushoto kwenye mkunjo kiunoni. Hadi leo nikipuliza moto jikoni mkono wa kushoto unakwenda kiunoni wenyewe, na wakwe zangu wanadhani ni maringo.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la usafi. Mtu alimwaga pombe juu ya kabati, ikatiririka hadi kwenye bodi, ikaanza kunata. Masanja alikuwa safarini. Nikaifungua bodi, nikaiosha kwa maji na sabuni ya kufulia, nikaianika uani kwenye mkeka kando ya mihogo ya shangazi. Masanja alirudi akaikuta pale imelala, kuku akiitazama. Nilingoja kufukuzwa. Aliiokota, akaigeuza, akaninyooshea kidole akisema kwamba mihogo ningekuwa nimeshaigeuza mara mbili na bodi sijaigeuza hata mara moja. Tukaigeuza. Jioni ya siku ya pili iliwaka kama mpya, na tangu hapo nimeosha bodi nyingi kwa sabuni.

Wateja niliwajua kwa shingo. Kwa kuwa ndege iliruka mshazari, na wao walilala mshazari. Karani mmoja wa ofisi, mtu mzito mwenye tai, alikuwa akiinama upande wa kulia kadiri ndege ilivyopanda, hadi siku moja akaanguka na kiti chake, na akiwa chini bado aliuliza kama amepita ukuta. Hakuwa amepita.

Sasa nije kwenye gia.

Gia ya mashine ile, ukiivuta kuja kwako, ndege inapanda. Ukiisukuma mbele, inashuka. Ndivyo ilivyotengenezwa na waliokuwa wanajua ndege za kweli. Kwa Masanja na majirani zake wa Nyamigogo na Nyamahanga hilo halikuwa na ugumu wowote, kwa sababu hao walilima kwa ng'ombe. Ukikandamiza vishikio vya plau, ncha inainuka. Ukivinyanyua, inazama ardhini. Mikono yao ilishajua tangu utotoni kwamba ukishusha huku, kule kunapanda. Walikaa mbele ya mashine siku ya kwanza wakaruka. Mimi niliyekulia kwenye jembe la mkono, ambalo ukilinyanyua limenyanyuka na mambo yamekwisha, niligonga ukuta wa kwanza wiki nzima. Jumamosi Masanja akanichukua kwao, akanikabidhi plau nyuma ya maksai wawili. Nililima mstari ambao hata nyoka angeuonea haya. Mke wake, Mama Kulwa, alicheka hadi akakaa chini. Lakini Jumatatu nilivuka ukuta wa kwanza, na Masanja akaniambia kwamba sasa mikono yangu imebatizwa.

Mashine ilikuwa na maboma matatu. Boma la kwanza lilikuwa la kujifunzia. La pili lilikuwa na kuta zenye matundu. Kati ya boma na boma kulikuwa na mahali peusi, kama maji ya usiku wa giza, na hapo kivuli kilipotea, kwa hiyo uliruka kwa kukisia. La tatu hakuna aliyelimaliza. Masanja alilifikia mara nyingi, akafa humo mara nyingi, na kila mara alisimama taratibu akatutazama kwa jicho lake moja na kusema kwamba iko siku ataona kilichoko nyuma ya boma lile. Tulikuwa tunabishana ni nini. Karani alisema ni jiji. Mimi nilisema ni ziwa. Masanja alisema hataki kukisia, anataka kuona.

Halafu jicho lake lililobaki likaanza kufifia. Alikwenda hospitali mbali huko, akaambiwa ni presha ya macho, akapewa dawa ya matone ya kutia kila siku bila kukosa. Daktari alimweleza kwamba matone hayarudishi kilichopotea, yanashikilia tu kilichobaki. Alirudi akatusimulia hayo huku akilehemu, kana kwamba anazungumzia redio ya mtu. Nilipobaki naye peke yangu aliniambia, "Devota, nataka nimalize lile boma kabla hili jicho halijafunga." Hakuniambia kingine kuhusu ugonjwa ule, siku ile wala baadaye.

Vibanda vya video vilipofunguliwa Biharamulo wateja wetu walipungua, na mwenye mashine akaamua kuihamishia Ngara mjini, mimi nikiwa msimamizi kwa kuwa ni kwetu. Masanja alinisaidia kuifunga kwa magodoro. Aliniambia niitunze, yeye atakuja.

Ngara walimiminika. Walitoka Murukulazo, walitoka vilimani kote, na wote walikuwa watu wa jembe la mkono kama mimi. Walishika gia, wakaisukuma mbele ili ndege ipande, ndege ikashuka ikajibamiza. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya tatu walianza kununa. Mwanamume mmoja muuza ndizi, aliyekuwa na foleni nyuma yake inayomcheka, alinigeukia.

"Dada, hii ndege yenu imelewa. Nikiipandisha inashuka."

Nilijaribu kumweleza habari za plau. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za meli. Walianza kuondoka, na mimi nilikuwa kwetu, mbele ya watu walionijua tangu nikiwa nabeba maji kichwani, wakisema kwamba binti wa fulani amekuja na mashine mbovu. Asubuhi iliyofuata kabla ya kufungua pazia niliweka mkono wa kushoto kiunoni, nikafungua chini ya gia, nikazibadilisha nyaya za juu na chini. Kazi ya dakika chache. Kuanzia siku hiyo ukisukuma ndege inapanda, ukivuta inashuka, kama jembe, na watu wakafurahi, na muuza ndizi akavuka ukuta wa kwanza akanipa mkungu mzima. Niliitwa fundi mbele ya padri. Mama yangu alisimuliwa hayo kanisani. Sijawahi kuwa na kichwa kikubwa kama mwezi ule, na sikumpelekea Masanja habari yoyote kuhusu nyaya.

Alikuja bila taarifa, siku ya gulio, ameshuka kwenye lori la mihogo. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba akitazama pembeni ya uso wangu kidogo, ndipo nikajua jicho limeendelea kufifia. Alisema bado anaona, anaona vizuri kukiwa na mwanga, na kioo cha mashine kina mwanga wa kutosha. Wateja walimpisha kwa heshima. Nilifuta kiti. Nilikuwa na furaha, nataka mlielewe hilo, nilikuwa na furaha sana kwamba ataona ninavyoitunza mashine.

Kila mchezo ulikuwa na ndege tatu, na ya kwanza ilitokea. Ukuta ulipokaribia Masanja alivuta gia taratibu, kama mtu anayejua, na ndege ikashuka ikaingia ukutani. Alikunja uso. Ndege ya pili, akavuta mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo nilipokumbuka. Ndege ya tatu alisogeza uso karibu na kioo hadi pua ikakaribia kugusa, akavuta, ikazama.

Mnaweza kuniuliza fundi mzima alikosaje kutambua kwamba gia imegeuzwa. Nimejiuliza miaka yote. Nadhani ni kwa sababu ndege aliiona kama doa tu, na kati ya mkono wake na jicho lake aliuamini mkono. Mkono ulikuwa haujamdanganya maisha yake yote. Na mashine ilikuwa mikononi mwangu, mimi aliyenifundisha, kwa hiyo mashine nayo aliiamini. Kilichobaki cha kushuku kilikuwa jicho.

Aliinuka, akatafuta ukuta kwa kiganja. "Jicho limekwisha, Devota," alisema kwa sauti ya kawaida.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sentensi moja ingetosha. Lakini chumba kilikuwa kimejaa watu wa kwetu, na wote walikuwa wameniita fundi, na nilimwona muuza ndizi pale mlangoni. Niliona haya. Nilisema tu kwamba apumzike kidogo, anywe soda. Akanywa soda, akashukuru, na lori la mchana likamrudisha Biharamulo.

Wiki sita nilikaa na jambo hilo. Nililala nalo na kuamka nalo. Nilijiambia atarudi, nikajiambia nitamwandikia, nikajiambia hata bila nyaya zile asingeweza. Wiki ya sita dereva mmoja alinikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha khanga, salamu kutoka kwa Mama Kulwa. Ndani kulikuwa na chuma cha kulehemu cha Masanja, kile chenye mpini aliouchonga mwenyewe. Dereva alisema mzee amegawa vifaa vyake vyote, na matone ya dawa ameacha kutia, kwa kuwa amesema hana sababu ya kutilia dawa jicho lililokwisha.

Nilifunga chumba mchana ule ule wateja wakiwa mlangoni. Nilizirudisha nyaya mahali pake kwanza, kisha nikaenda kusimama barabarani. Lori la kwanza, lori la pili, halafu kwa miguu hadi Nyamigogo.

Alikuwa amekaa nje akipukuchua mahindi kwa kupapasa. Alinijua kwa hatua kabla sijaamkia. Mama Kulwa aliniletea kigoda, nami sikukikalia.

"Fundi, nilibadilisha nyaya za juu na chini. Watu wa Ngara walikuwa hawawezi."

Vidole vyake vilisimama kwenye gunzi. "Lini?"

"Kabla hujaja."

"Na ulikuwepo nikicheza."

"Nilikuwepo."

Mama Kulwa aliingia ndani. Mimi nilitamani Masanja anitukane, maana matusi nilikuwa nimejiandaa nayo njia nzima. Hakunitukana. Alisema, "Nilirudi kutoka kwenu nikiwa kipofu tayari, Devota. Ndani ya lori mle nilifumba jicho ili nizoee."

Sina la kuongeza hapo. Nimeliungama kwa padri, nimeliungama kwa Mama Kulwa, na leo naliungama kwenu. Alianza tena matone siku ile ile. Daktari alikuja kumwambia kwamba huenda jicho lingefunga hata bila zile wiki sita. Huenda. Neno hilo nimeishi nalo kuliko mume wangu. Ninyi mnaojifunza ufundi, wa simu au wa pikipiki au wa chochote, badilisheni waya mnavyotaka, lakini aliyezoea zilivyokuwa mwambieni kabla hajakaa kwenye kiti. Mkisahau kumwambia, mwambieni papo hapo, hata mbele za watu, hata mbele ya mama zenu.

Nilimsumbua mwenye mashine hadi akakubali kuirudisha Biharamulo, kwa masharti ambayo hayawahusu. Lakini ilipowasili, Masanja alikuwa anaona mwanga na giza tu. Alijua dirisha liko wapi, basi. Hata hivyo alikuja, ameshikwa mkono na Mama Kulwa, akakaa kwenye kiti na kushika gia, akaivuta na kuisukuma mashine ikiwa imezimwa, akisikiliza swichi zinavyolia. Akauliza kama ziko sawa. Nikamwambia ziko sawa, nimezikagua mara tatu. Akaniambia nikae kushoto kwake.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kivuli. Sikumwelezea ndege, hakutaka kuisikia ndege. Nilimwambia kivuli tu. Tulianza kwa maneno mengi tukafa haraka, kwa sababu ukimaliza kusema "panda kidogo halafu" ukuta umeshafika. Tukapunguza. Yakabaki maneno matano. Vuta. Sukuma. Piga. Kwangu, maana yake kushoto niliko mimi. Kwako, maana yake kulia. Tulicheza kila Jumamosi baada ya soko, miezi kadhaa. Mwanzoni nilichelewa, yeye akanigonga goti kwa goti lake. Baadaye nilikuwa nasema neno na mkono umeshatenda, na kuna nyakati mkono ulitangulia. Mahali peusi ambapo kivuli hupotea alikuwa hodari kunizidi. Mimi niliogopa pale, yeye hakuona tofauti.

Nataka mjue kwamba zile Jumamosi ndizo ninazozitamani. Nina wajukuu, nina shamba, maharage yangu hayana kuvu mwaka huu, namshukuru Mungu. Lakini nikiambiwa nichague saa moja ya kurudishiwa, ningechagua kukaa upande wa kushoto wa mzee yule kwenye chumba chenye pazia, harufu ya vumbi lililopata moto na mafuta ya jenereta, nikimsemea kivuli. Amekwishazikwa kwao Nyamigogo. Mashine nayo kioo chake kilikufa, na vioo vile havipatikani tena. Mara ya mwisho niliona kabati lake limewekwa rafu, mtu anauzia mikate. Nilisimama nikanunua mkate ambao sikuuhitaji.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, soko lilikuwa tupu, tulikuwa watatu tu chumbani, Mama Kulwa akichambua dagaa karibu na mlango. Boma la kwanza tulilipita bila kupoteza ndege. La pili tukapoteza moja. Kwenye giza nilinyamaza akapita mwenyewe. La tatu lilianza. Vuta. Piga. Kwako. Kwako. Sukuma. Tukapoteza ndege ya pili kwenye mnara ambao nilikawia kuutaja. Ikabaki moja. Mama Kulwa aliacha dagaa wake.

Ukuta wa mwisho wa boma la tatu ulikuwa na tundu moja jembamba, na kabla yake mizinga miwili. Nikasema piga. Risasi zikagota chini ya tundu. Vuta. Piga. Zikagota tena, juu kidogo. Vuta. Safari hii risasi hazikugota popote, zilipita. Sikusema neno, nilimshika tu kiwiko. Ndege ikapita, na kivuli chake kikapita nyuma yake, na kioo chote kikawa cheusi.

"Tumetoka?" aliuliza.

"Tumetoka, fundi."

"Kuna nini huko?"

Kioo kilikuwa kinaanza kuwaka. Nikaona ukuta mfupi wa kijivu. Nikaona matangi mawili upande wangu na mzinga mmoja upande wake. Hapakuwa na jiji. Hapakuwa na ziwa. Miaka yote ile, na jicho lile, na walichokiweka huko nyuma ni kile kile cha mbele. Nilikuwa na muda wa kutosha kumtungia kitu. Ningeweza kumpa ziwa lenye visiwa, asingejua, na Mama Kulwa aliyekuwa amesimama nyuma yetu asingenisuta. Lakini nilishanyamaza mara moja mbele ya mashine ile.

"Ni boma la kwanza tena," nilimwambia. "Linaanza upya. Hakuna kingine."

Mkono wake haukutoka kwenye gia. Nilimtazama nikingoja uso wake unyong'onyee, haukunyong'onyea.

"La kwanza?" alisema. "Hilo nalijua. Sasa nyamaza."

Nikanyamaza. Ukuta ulikuja, akavuta taratibu, na ndege ikapanda.